Mlio Nilioogopa Kuusema

Naitwa Mwanahawa, fundi cherehani hapa Kilindoni. Kabla ya kuugua nilikuwa nakata gauni huku nazungumza na wateja, na mkasi haukosei.

Nilishikwa na mafua makali. Asubuhi moja nikaamka sikio la kushoto limeziba, nyumba inazunguka. Nilitapika hadi nyongo. Kizunguzungu kilipotulia, ukabaki mlio mwembamba kama wa nyenze, haukomi. Nikamuuliza mume wangu Salumu, "Unasikia?"

"Nisikie nini?"

Hapo hofu ikaniingia. Nikanyamaza, nisije nikaambiwa nina shetani au nimerukwa na akili.

Akili haikutulia tena. Nampima mteja kiuno, nikigeuka tu kipimo kimenitoka. Siku moja nashona huku nausikiliza ule mlio, sindano ikapenya ukucha wa kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Salumu ndiye aliyezungusha gurudumu la cherehani kuitoa. Damu ilichuruzika kwenye kitambaa cheupe.

"Mwanahawa, una nini?" Nikamweleza yote, nalia.

Akanipeleka Dar es Salaam kwa daktari wa masikio. Daktari akanipima, akasema, "Mama, huna wazimu. Sikio la ndani limeumia. Umechelewa kuja, mlio huenda usiishe." Akaendelea, "Usikae mahali penye kimya kabisa. Weka sauti nyingine, ndogo, isiyo na maneno."

Nilijaribu sauti ya mvua kwenye simu, nikaishia kuisikiliza hiyo mvua. Wifi yangu Zaina, anayeishi Bweni, akarekodi mawimbi ya huko na upepo wa minazini, akaziunganisha sauti hizo na ile mvua ya simu: upepo chini kabisa, mawimbi juu yake, mvua kwa mbali. Zikichanganyika hivyo, hakuna hata moja iliyonivuta niisikilize. Nikaziwasha kwa sauti ndogo, nikashika mkasi, nikakata bega la gauni. Nikakata na la pili. Nilipoinua kichwa, gauni zima lilikuwa mezani, limekatwa sawasawa.

Mlio bado upo. Siku nyingine naamka nao mkali, naogopa hata kugusa sindano. Lakini alhamdulillahi, nafanya kazi. Namshukuru Salumu, namshukuru Zaina.

Ukijaribu njia hii, usipandishe sauti hadi ifunike mlio. Utaliumiza sikio zaidi. Wala usitie mafuta sikioni. Sikio likiziba ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama unausikia mlio wasiousikia wenzio, mwambie mtu wa nyumbani kwako leo. Kunyamaza ndiko kulikonichelewesha.