Nilimsifu Punda Harusini kwa Haji Bihi

Harusini kwa Haji Bihi nilimsifu punda. Mbele ya kijiji kizima, kwa sauti, na kwa vina.

Sikuwa nimelewa. Nilikunywa chai tu, tena ya mnanaa.

Naitwa Idder. Ushairi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza nikichunga mbuzi wa watu huku milimani Sus, kusini mwa Moroko, nikijibizana na mwangwi mpaka mwangwi ukachoka. Na nilijiwekea sharti moja: sisifu kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu. Hata uniue.

Sasa, kwetu ngoma ya ahwash ina sheria yake. Wanaume wanakaa na matari, wanawake wanasimama safu moja. Mshairi anaingia uwanjani, anatupa ubeti. Safu ikiudaka na kuuimba, umefaulu. Isipoudaka, matari yananyamaza, nawe unabaki umesimama kama nguzo ya nyumba iliyobomolewa.

Kiongozi wa safu ni Lalla Tuda, mke wa Haji mwenyewe. Asipofungua kinywa yeye, hafungui mtu.

Haji, mwenye maduka Casablanca, alikuwa anamwoza mwanawe, na alitaka asifiwe kwa jambo moja. Mwaka wa ukame, kaya maskini zilikuta mfuko wa shayiri mlangoni alfajiri. Watu wote walisema ni yeye. Yeye hakukubali wala hakukataa. Alikohoa tu, kile kikohozi cha kuomba ubeti.

Washairi wawili walimsifu, safu ikaimba. Zamu yangu ikafika. Vijana wakanisukuma: haya, Idder, mmalize mzee.

Kifua mbele, nikatupa:

*Sisifu nisichoona, mdomo wangu wagoma,*
*Maji yetu nilomwona akibeba ni mnyama.*

Kimya.

Mnyama huyo ni punda wa kisimani, kila mtu alimjua. Safu nzima ilifunga midomo. Aali, mkuu wa matari, mkono ukamganda hewani. Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kikauzunguka uwanja wote. Na walinicheka mimi, si Haji.

Haji akanijia taratibu, akaniambia kwa upole unaochoma, "Mwanangu, wageni wangu watakula hapa. Wewe nenda kale na huyo uliyemsifu."

Nikaondoka bila hata kipande cha mkate.

Kuanzia hapo nikawa kituko. Muuza nyama sokoni kila akiniona alilia kama punda kwanza, ndipo anitolee salamu. Harusi zikapita, sikuitwa hata kupanga viatu mlangoni. Mbuzi nikanyang'anywa, eti nitawafundisha kiburi. Nikaishia kupasua kokwa za argani, zile za kukamuliwa mafuta, na mama na mashoga zake, kazi ambayo kwetu mwanamume haigusi. Vidole vikavimba kama tende. Wale mama wakanisifu kwamba jiwe nalipiga vizuri kuliko ubeti.

Ndipo Aali akaja na ujumbe. Sikukuu ya maua ya mlozi imekaribia, na Haji amesamehe. Anataka ubeti mmoja tu, wa ile shayiri, na jina langu litarudi. Nikikataa, nisikanyage uwanjani tena maisha yangu.

Mama alinikazia macho. "Idder, ubeti mmoja hautakung'oa jino."

"Mama, ulimwona akiiweka?"

"Niliiona shayiri, nikapika, ukala. Mwenye njaa haulizi mkono wa nani."

Jibu lile lilinitesa. Maana kweli nilikula. Na kama kweli ni Haji? Basi mimi ni mkaidi tu mwenye vina.

Lakini sikuona. Na kama nitaimba nisichokiona kwa sababu vidole vinauma, kesho nitaimba nini kwa sababu tumbo linauma?

Siku ikafika. Watu walijaa mpaka juu ya mapaa. Haji alikaa mbele kabisa, joho jeupe, anakohoa. Nikaingia:

*Shayiri kizingitini, alfajiri niliona,*
*Mkono wa mhisani ndio sijapata ona,*
*Uje hapa uwanjani, niusifu kwa kunena.*

Kimya tena.

Nikasema moyoni, mzee baba, sasa ni kokwa mpaka kaburini.

Halafu sauti moja ikaudaka. Nyembamba, kali, ya juu. Lalla Tuda! Akauimba ubeti mpaka mwisho, peke yake, kisha akatoka kwenye safu akaja mpaka mbele yangu. Akainua mkono wa kulia, bangili za fedha zikagongana.

"Umeuita," akasema. "Huu hapa."

Akaeleza kwa utulivu, kama anayeomba asogezewe chumvi. Ufunguo wa ghala alikuwa anauvua shingoni mwa mumewe akisinzia. Haji alipoona shayiri imepungua aliwalaumu panya. Sifa zilipoanza kumiminika, panya wakasahauliwa. Na harusini alinyamaza kwa ajili ya mwanawe tu.

Macho yote kwa Haji. Masikio yalikuwa yamemwiva. Nilidhani atainuka aondoke, au anivunje mguu.

Hakuinuka.

"Idder," akasema mwishowe, "msifu basi mke wangu. Nami nichomeke humo humo, pembeni."

Nikamsifu Lalla Tuda beti saba mfululizo, safu ikadaka zote. Kisha nikamchomeka Haji: nilimsifu kwa kutokimbia. Hilo nililiona kwa macho yangu mawili.

Yeye mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza. Aali alipiga tari mpaka ngozi ikapasuka. Mama, juu ya paa, alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka, na muuza nyama akaja kunisalimia kwa lugha ya binadamu.

Ndugu yangu unayesoma, nakuachia hili. Ukisema unachokiamini na uwanja mzima ukanyamaza, usikimbilie kujihukumu. Kimya cha watu si hukumu. Pengine yupo mmoja kati yao anajikusanyia pumzi.