Wimbo wa Sitini na Mbili

Kabla ya kuajiriwa kambini sikujua baiti ni nini. Nilizaliwa Ntobeye, kijiji cha Ngara jirani na kambi, nikamaliza sekondari, na kwa kuwa nilijua kuchapa haraka, shirika moja lililohudumia wakimbizi wa Burundi likanipa kiti, meza na kompyuta katika kituo cha vijana. Jenereta iliwashwa saa tatu asubuhi na kuzimwa saa sita mchana, na ndani ya muda huo nilijiona mtu mkubwa sana. Aliyeniuliza jambo nilimjibu kwa mkato, kama daktari mwenye foleni.

Kompyuta ile ndiyo iliyotunza nyimbo za kwaya moja ya kambini. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakija kuimba mbele ya kipaza sauti chetu kila walipotunga wimbo mpya, hadi zikafika sitini na mbili. Hawakuwa na kaseti wala nakala nyingine. Kisha kambi ikaanza kufungwa. Malori yakawa yanawarudisha watu kwao kila wiki, nasi tukaambiwa kompyuta itafutwa kila kilichomo na kurudishwa makao makuu. Wimbo ambao haungehamishwa ungepotea.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mzee mwembamba, mpole, lakini kambini alijulikana zaidi kwa habari ya kopo la mgao. Kundi lake la mgao lilimchagua asimame kando ya gunia siku za kugawa mahindi. Kopo likitoka halijajaa aliliona hata kama yuko mbali, na hakunyamaza mpaka lijazwe. Watu walimpenda kwa hilo. Wagawaji walimwona balaa.

Siku moja aliniuliza wimbo mmoja una ukubwa gani. Nikamwambia, kama megabaiti nne. Akatoa karatasi, akazidisha, akapata mia mbili arobaini na nane. Akamwagiza dereva aliyekuwa anakwenda Mwanza flashi ya megabaiti mia mbili hamsini na sita, ili ibaki na nafasi kidogo. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa.

Alikuja nayo siku moja kabla ya lori lake kuondoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua watu wangu."

Nikachomeka flashi. Haikuwa na kitu ndani, lakini kompyuta ikasema nafasi ni megabaiti mia mbili arobaini na nne. Mzee akaangalia kioo, akaangalia maandishi kwenye flashi, akaniangalia mimi.

"Hapa pamepunguzwa," alisema. "Nani ametoa hizo kumi na mbili?"

"Hakuna aliyetoa, mzee. Ndivyo zilivyo."

"Ndivyo zilivyo! Hata kwenye mahindi wanasema hivyo hivyo. Halafu ukipima, kopo si kopo."

Damu ilinichemka. Pale Ntobeye tulikuwa tumezoea kusema wakimbizi ndio wezi: mbuzi akipotea ni wao, ndizi zikikatwa ni wao, kuni zikiisha porini ni wao. Nami nilikuwa nimeyasema hayo kwa kinywa changu mwenyewe, tena mara nyingi. Leo mkimbizi anasimama mbele ya meza yangu na kuniita mwizi, na nyuma yake wanakwaya wanne wananikodolea macho! Nilitaka kuichomoa ile flashi na kumrushia.

Nikajikaza, nikamweleza kwa kopo, kwa sababu nilijua hapo atanielewa. Nilimwambia wanaotengeneza flashi na kompyuta hawapimi kwa kopo moja. Kiwandani, kilobaiti moja ni baiti elfu moja, na megabaiti ni kilobaiti elfu moja. Kompyuta ina kopo kubwa zaidi: kwake kila hatua ni elfu moja na ishirini na nne. Mzigo ni ule ule, hakuna punje iliyomwagika, ila ukiupima kwa kopo kubwa unapata makopo machache.

Midomo yake ikahesabu. Alielewa haraka kuliko bosi wangu, ambaye nilikuwa nimemweleza mara tatu.

"Kwa hiyo hakuna aliyeiba."

"Hakuna."

"Nisamehe, mwanangu." Akashusha pumzi. "Lakini wimbo mmoja bado uko nje."

Ni kweli. Zingeingia sitini na moja. Na hapa ndipo ninapojionea aibu mpaka leo, kwa sababu njia nilikuwa naijua. Wimbo unaweza kubanwa: unapunguza ubora wa sauti kidogo, nao unachukua nafasi ndogo. Ningebana nyimbo mbili tu, na zote zingeingia. Programu ilikuwa pale pale kwenye kioo. Jenereta ilikuwa na saa nzima mbele yake. Sikusema kitu. Alikuwa ameomba radhi, lakini mimi nilikuwa bado nimenuna, na nilitaka akose kidogo.

Walizungumza Kirundi kwa muda mrefu. Dada mmoja alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mwishowe mzee akaweka kidole kwenye orodha, juu ya wimbo pekee wa Kiswahili.

"Huu ubaki," alisema. "Tuliutunga kuwashukuru wenyeji. Kule kwetu hautakuwa na kazi. Ni wenu. Utatutunzia?"

"Nitautunza," nilijibu, nikijua kompyuta itafutwa Ijumaa.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Kesho yake asubuhi lori lao lilipita njia ya Kabanga na kuvuka mpaka.

Alhamisi sikuweza kutulia. Sikuwa na flashi. Nilikuwa na disketi moja, ile bapa ya plastiki, isiyofikisha hata megabaiti moja na nusu. Nikaubana wimbo, nikaubana tena, hadi ukawa chini ya megabaiti moja, ukaenea kwenye disketi. Sauti zilikuwa nyembamba, zimekwaruzika, lakini maneno yalisikika yote. Niliyasikiliza kwa mara ya kwanza, ingawa niliurekodi mimi mwenyewe. Walikuwa wanawashukuru watu wa Ngara kwa kuwaachia maji ya kisima na kuni za msituni.

Nikaangalia saa yangu ya mkononi. Kazi yote ilikuwa imenichukua dakika kumi.