Mama alikaa eda, miguu ikaanza kumwisha

Wakuu, amani kwenu. Haya yalitokea nyumbani kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na chumvi sijaongeza.

Baba alifariki wakati ule gesi imeshagunduliwa, mji umejaa wageni. Kila mwenye chumba alipangisha, sisi pia. Uani kukawa na wanaume tupu, mafundi wa makampuni.

Mama akaingia eda. Kwa ajili ya wale wapangaji, hakutoka hata uani.

Kitandani, mkekani, kitandani. Sisi wanawe tukaona ndiyo heshima: maji tunamletea, sahani tunaondoa, hata kanga tunamkunjia. Chakula chenyewe uji na chai. Na huyu ni bibi aliyekuwa akilima mpunga wake mwenyewe!

Siku moja baada ya alasiri nikasikia ananiita, sauti ndogo. Nikamkuta mkekani. Kusali alishamaliza zamani, kuinuka ndiko kulikomshinda. Aliona haya kuita kwa nguvu, wageni wasisikie.

Nilipomwinua, wakuu, mama yangu alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Nilitoka nikalia.

Enfermeira, yaani muuguzi wa hospitali, akaja kumpima. Ugonjwa hakuuona.

"Nyama za miguu zinaisha kwa kukaa," akasema. "Kwa mzee zinaisha upesi, kurudi ni taratibu. Mwinueni. Mpeni samaki, mayai, kunde. Uji peke yake hautoshi."

Mgumu akawa mama mwenyewe. "Nikianza kuzungukazunguka, watu watasema nimeshamsahau mume wangu."

Mama mdogo Zaituni, mdogo wake, alikuwa amekuja kutoka Mocímboa kumliwaza. Akamjibu, "Dada, mwenye kulia ni wewe. Miguu imekosa nini?"

Mama akacheka. Mara ya kwanza tangu msiba.

Basi ikawa kazi yao wawili, mlango umefungwa. Mama anakaa ukingoni mwa kitanda, anasimama, anakaa tena. Mwanzo kwa kushikwa, baadaye mwenyewe. Anashika dirisha, ananyanyua visigino. Mama mdogo anaimba nyimbo zao za usichana, nyingine hazifai kuandikwa humu.

Kuna siku mama aligoma, akalala akimlilia baba. Mama mdogo akajilaza pembeni yake tu. Kesho yake wakaanza tena.

Eda ikaisha. Dada yangu alikuwa amejifungua mtaa wa pili, na mama alikuwa hajamwona mjukuu. Nikaazima pikipiki nimpeleke.

"Irudishe," akasema.

Akapita uani, wapangaji wakasimama kumsalimia. Alitembea polepole, akapumzika kwenye baraza la nyumba ya watu, akaendelea mpaka akafika. Akampokea mtoto, akamtazama sana.

"Masikio haya ni ya baba yenu."

Hapo tukalia wote.

Nilichojifunza: tulidhani kumpenda mzee ni kumfanyia kila kitu. Akifiwa, akiugua, akivunjika, waulizeni wa hospitali anaweza kufanya nini, kisha mwacheni akifanye, nanyi mkae karibu.

Wenye wazee ndani sasa hivi, mnafanyaje? Na wauguzi mliomo humu, nilipokosea nisahihisheni.