Kikombe cha Siku ya Slabu

Shule niliachia kidato cha pili. Mimi na hesabu tulikosana, na hesabu ikashinda. Nikakuja Nairobi, nikapanga chumba Riruta, na kazi yangu ikawa kubeba karai ya saruji kwa kichwa, hicho kichwa walimu walisema hakina maana.

Miaka ya themanini ikielekea kuisha, mama akanitumia ndugu yangu kutoka nyumbani. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na moja, mwimbaji wa kwaya, hajawahi kuonja hata pombe ya busaa kwa harusi. Mama aliniambia nimuangalie. Mimi, mtu anashindwa kuangalia sufuria ya chai.

Tulikuwa tunajenga nyumba kubwa Kitisuru. Mjengo ilikuwa na desturi yake: siku ya kumwaga slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, nyapara analeta chang'aa, pombe kali ya magendo, asubuhi. Slabu ikianza haisimami mpaka iishe. Ukikunywa husikii njaa, husikii shingo, na huoni vile chini ni mbali. Asiyekunywa aliambiwa atachelewesha laini ya wabeba karai, aende.

Ndugu yangu akapanda mbao ya kwanza, akaangalia chini, miguu ikakataa. Nyapara akaanza kumtazama. Nikaona kazi yake inapotea. Nikachukua kikombe mwenyewe, nikampelekea.

"Meza kama dawa," nikamwambia. "Mimi nakunywa, na ona vile nimependeza."

Akacheka, akafunga macho, akameza. Siku hiyo alibeba karai kutushinda wote. Watu wakamsifu, nami nikajigamba kama mwalimu mkuu.

Halafu akakunywa siku ya plasta. Halafu siku ya mvua. Kwaya akaacha. Alisema kanisa ya hapa hakuna mtu anamjua, lakini kwa mjengo wanamuita kwa jina. Mimi nikafanya hiyo mzaha, tukacheka.

Asubuhi moja nikamkuta ameketi kitandani na shati. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka vifungo vikamshinda. Nikamfunga kimoja kimoja, natafuta kitu ya kuchekesha, nakosa.

"Leo hakuna kazi," nikamwambia.

"Najua, brathe. Nitafutie kidogo tu, mikono itulie."

Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia mlango.

Nikachukua chupa, nikaenda kwa mama pima, yule muuza chang'aa. Nilienda mbio.