Jua Juu ya Mtu Aliyelala

Kwa miaka mingi nilikanusha, mbele ya ndugu na mbele ya kanisa zima, kwamba nilizipenda zile siku ambazo mume wangu alilala mchana. Nilitangaza kinyume chake. Mume wangu ni muuguzi, na tangu tuhamie Great Barr, huku ughaibuni, alikuwa wa zamu ya usiku. Basi kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye foleni ya pilau baada ya ibada, nilijitambulisha kama mjane mwenye mume anayekoroma. Watu walicheka, wakanipa pole, wakaniongezea nyama. Niliizoea ile nyama.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Alirudi asubuhi, akala, akapanda ngazi, akavuta mapazia mazito, na nyumba ikayeyuka taratibu kama sukari ndani ya chai. Mimi nilibaki jikoni na kazi yangu, ambayo ni kuandika insha za magazeti ya nyumbani, yaani kutazama dirisha na kulipwa kwa nadra. Barabara kuu ilinguruma kwa mbali bila kupumzika, hadi ukaacha kuisikia. Jua liliingia kwa dirisha la nyuma, likatambaa juu ya meza, likakipanda kikombe, likashuka upande wa pili. Birika la umeme sikuliwasha kwa sababu ya kelele zake. Maji niliyachemsha kwenye sufuria, kwa moto mdogo. Nguo chafu zilisubiri jioni. Nilitembea kwa soksi. Juu ya kichwa changu mtu ninayempenda alikuwa akipumua, na hakuwa na haja nami kwa lolote. Kama ndoa ina raha iliyozidi hiyo, mimi bado sijaonyeshwa.

Kisha kikaja kile kiangazi cha 2018, kikavu kuliko tulivyozoea. Nyasi za bustani ziligeuka rangi ya ganda la mkate, na majirani wakawa wanalalamikia joto kwa fahari, kama watu waliotembelewa na mgeni mkubwa. Siku moja nilitoka nyuma kuanika mashuka, nikainua macho. Vigae vya paa vilikuwa vinametameta. Hewa juu yake ilicheza kama juu ya sufuria. Nikawaza: jua lote lile linamwagika juu ya mtu aliyelala, na hakuna anayelikinga. Kwetu, hata manyunyu yakianza, mtu hutoka mbio na karai akalitega chini ya paa. Hapa jua lilikuwa linanyesha kutwa na mimi sikuwa na karai.

Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa mapaa. Kwenye treni ya kwenda Sutton Coldfield, nilikokuwa nikifundisha darasa la jioni, sikusoma tena kitabu. Nilitazama mapaa ya watu jinsi wengine wanavyotazama watoto wa watu, kwa upendo na husuda. Paneli za umeme wa jua za wenzangu zililala juu ya vigae kama vidimbwi vyeusi vilivyoinamishwa bila kumwagika, na mawingu yakapita ndani yake. Nilijiona nikiamka asubuhi na paa linafanya kazi kimyakimya, kama mtu mwenye tabia njema.

Mama mkwe, ambaye paneli yake iko juu ya mabati kule nyumbani miaka mingi sasa na huwachajia majirani simu, alishangaa nilipomweleza kwa simu.

"Kwani huko kuna jua, mwanangu? Si ulisema hamlioni?"

Nililisema hilo pia, ndiyo.

Muuzaji wa kwanza alikuja saa tano asubuhi, mwanamume wa makamo mwenye tai na kompyuta ndogo. Nilimfungulia mlango kidole kikiwa mdomoni. Alivua viatu, akaketi kwenye ncha ya kiti.

"Mume wangu yuko juu," nilimnong'oneza.

Alitazama dari. Nyuso zetu mbili, nadhani, zilikuwa na uzito uliofanana.

"Pole sana," akanong'ona. "Tangu lini?"

"Tangu saa mbili."

Akaweka mkono kifuani. Ilinichukua muda kuelewa, na muda huo wote yule bwana alikuwa akimwombea mume wangu.

"Amelala," nikasema. "Anafanya kazi usiku."

Alishusha pumzi, lakini sauti haikumrudia. Akaniuzia umeme wa jua kwa minong'ono: paneli kumi na mbili na betri yenye ukubwa wa friji, kwa bei ya gari zuri lililotumika. Bei ikinong'onwa husikika kama sala. Nilikaribia kuitikia amina. Halafu akauliza swali ambalo baadaye wote waliliuliza.

"Mchana nani huwa nyumbani?"

"Sisi sote wawili."

Macho yakamwaka. Akanieleza kuwa paneli huzalisha umeme mchana tu, na faida kubwa ni ya anayeutumia papo hapo. Unaobaki huenda kwenye nyaya za mtaani, na serikali hulipa kidogo. Watu wengi mchana wako kazini na nyumba zao ni tupu. Sisi, alisema, tulikuwa familia aliyoitafuta maisha yake yote.

Wa pili alikuwa mwanamama kutoka upande wa Longbridge, na huyo alikuja na ngazi. Alipanda, akapima, akashuka akiwa na vumbi la vigae magotini. Betri aliiondoa kwenye mpango kwa neno moja: ghali. Paneli mbili aliziondoa kwa sababu ya dohani, ambayo kivuli chake kingezilalia majira yote ya baridi. Zikabaki kumi. Pauni elfu sita na ushei, pamoja na jukwaa la mafundi kusimamia, la kuzunguka nyumba. Tatizo lilikuwa wakati. Ule mpango wa serikali wa kuwalipa wenye paneli ungefungwa kwa wateja wapya mwisho wa Machi, tayari tulikuwa Januari, na watu wa majukwaa walikuwa wameshikwa na kazi. Alitaka jibu kabla ya Ijumaa.

"Na ukishaweka," alisema akifunga ngazi, "kazi zote za nyumba ni mchana. Kufua, kupika, pasi, kuvuta vumbi, yote."

Mimi nikatazama dirisha la chumba cha kulala, mapazia yake yamefungwa, na nikaamua kutolifikiria jambo hilo.

Badala yake nilipanga bajeti. Tulikuwa na akiba ya pauni elfu nne hivi. Zilizobaki tungekopa na kuzilipa polepole kwa ile nyongeza anayopewa mfanyakazi wa usiku. Ukitoa kodi ya chumba cha binti yetu chuoni na karo za wapwa, nyongeza hiyo ingemaliza deni kwa miaka minne. Niliyaandika haya kwa mwandiko mzuri, nikapiga mistari kwa rula. Nina shahada mbili, na hakuna hata moja iliyonizuia kujengea paa juu ya mgongo wa mtu mwingine.

Saa kumi na moja jioni mume wangu aliteremka, macho mekundu, akaketi kula kile alichokiita kifungua kinywa: ugali na sukuma wiki. Akaivuta karatasi.

"Profesa, hii nayo ni nini?"

"Bajeti ya jua."

"Si nilisikia jua ni la bure?"

"Jua ni la bure. Karai ndilo ghali."

Alifuata mistari kwa kidole cha mkono wa kushoto, taratibu, akaishia karibu na mwisho.

"Na huyu hapa, 'nyongeza ya usiku'. Ni mimi huyu?"

"Ni wewe."

"Miaka minne."

"Minne tu, Baba."

Alimaliza tonge, akainuka, akafungua bomba kuosha mikono, na maneno yake yaliyofuata yalitoka akiwa amenipa mgongo.

"Kuna kliniki ya sukari wanatafuta muuguzi. Ni kazi ya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Mshahara ni mdogo kuliko huu. Niliomba tangu kiangazi."

"Bila kuniambia?"

"Nilitaka iwe zawadi. Si wewe umewaambia watu wote wewe ni mjane? Hata mchungaji alinivuta kando akaniuliza kama ndoa iko sawa."

Yeye aliendelea kuosha mikono ambayo ilikuwa imetakata zamani.

"Na tena juzi, nikirudi, nililala kwenye taa za barabarani. Nimeshika usukani, mguu uko kwenye breki. Niliamshwa na honi. Taa ya kijani ilikuja ikaenda, sijui mara ngapi."

Yako mambo mengi ambayo mke mwema angeyasema hapo. Mimi, kwa hofu, nilisema ukweli.

"Mimi huwa napenda ukilala mchana."

Aligeuka, maji yanamchuruzika.

"Unapenda nikilala?"

"Nyumba ikiwa kimya, na wewe umo ndani yake. Miaka yote hii. Nilidanganya watu."

Alianza kucheka, akacheka hadi akakohoa, akaketi tena.

"Mama, kumbe wewe ulitaka friji! Lisimame pembeni, livume kidogo, lisiseme neno."

"Usinicheke."

"Sikucheki. Friji lako limechoka tu." Alijipangusa macho. "Alhamisi wananitaka ofisini niwape jibu. Wewe ukisema nibaki usiku, nitabaki. Usiku nimeuzoea."

Nilijua angebaki kweli. Hilo ndilo lililoninyima raha siku zilizofuata. Akilala juu, mimi nilikaa chini na kalamu, nikajaribu kuiondoa ile nyongeza ya usiku kwenye hesabu na kuona ni nini kingesimama bila yake. Akiba peke yake ingetosha paneli sita. Nilipompigia yule mwanamama, alinieleza waziwazi kuwa jukwaa lina gharama ileile, uweke paneli sita au kumi, kwa hiyo kila paneli ingetugharimu zaidi na paa lingechelewa kurudisha pesa zake. Kwa hesabu, ulikuwa upumbavu wa kadiri. Kumi kwa miaka minne ya usiku ndizo zilizokuwa na akili. Dari juu yangu ilitoa mlio mdogo. Aligeuka upande wa pili, akatulia. Nilikaa nikiusikiliza ule utulivu kana kwamba ni chakula na kimebaki kidogo.

Alhamisi hakurudi asubuhi. Zamu ilipokwisha alibaki hukohuko hospitalini kuingoja saa nne. Nilipanda chumbani nikafungua mapazia, na jua la Januari, jembamba kama uji wa mgonjwa, likalala juu ya kitanda kilichotandikwa. Nilishuka, nikaweka nguo kwenye mashine, nikaiwasha, nikaizima. Nilijaribu kuandika. Ukimya ulikuwepo, mwingi kuliko siku zote, lakini haukuwa na mtu chini yake wala juu yake. Ulikuwa ukimya wa aina ile inayopatikana popote. Basi nikaelewa nyumba yangu itakavyokuwa kila mchana akiichukua kazi ile, na nikaelewa pia kwamba bado nina uwezo wa kulizuia jambo hilo lisitokee.

Simu ikalia.

"Mama."

"Baba. Umeshaingia?"

"Bado, niko kwenye korido. Nilisinzia kwenye benchi, nimeamka nimefunikwa blanketi. Mtu amedhani mimi ni mgonjwa."

"Umekunywa chai?"

"Ile ya mashine. Sikiliza, wananiita sasa hivi. Niseme nini?"

Mezani palikuwa na mchoro wa yule mwanamama: paa letu, na mistatili kumi iliyopangika vizuri kama watoto kwenye picha ya shule. Ningeweza kuvipata vyote, paa, makala zangu, na mtu aliyelala. Vilihitaji neno moja tu, na mwenyewe alikuwa amesimama kule, akipepesuka, tayari kulipokea.

"Sema mchana," nikasema.

"Una hakika? Na paa lako?"

"Sita."

"Sita nini?"

"Paneli sita, bila mkopo. Nitampigia leo."

"Hazitatosha, Profesa. Hata mimi nimeiona ile hesabu."

"Najua hazitoshi. Sema mchana."

Nilisikia gurudumu la kitanda likipita karibu naye, na mtu akimwomba mwingine apishe.

"Itabidi tuwe tunakula pamoja jioni," alisema mwishowe. "Chakula kimoja, meza moja. Tutazungumza nini?"

"Tutatafuta. Na ukitoka huko usiendeshe gari. Ningoje, nakuja na basi, nitaliendesha mimi."

"Wewe? Kwenye mzunguko ule wa magari?"

"Mimi."

"Eeh, Mungu wangu. Haya, sasa nimeamka kabisa." Alikuwa anacheka, kwa ile sauti ya chini ya mtu aliyezoea wodi. "Mama, mlango huo. Naingia."

Nikasikia akibisha, na sauti ya mwanamke ikimkaribisha ndani, kisha laini ikakatika.