Watu Wazimu Tu

Bi Nukta na wifi yake walichukiana kwa bidii, utadhani wameajiriwa kazi hiyo. Chumba kimoja, mlango mmoja, dirisha moja, na chini ya dirisha meza ya marehemu. Marehemu alikuwa mume wa huyu na kaka wa yule, fundi wa mabango ya mkono, enzi ambazo bango lilikuwa karatasi ngumu, wino mweusi na kalamu ya kuchovya, na ukikosea unaanza upya. Aliwafundisha wote wawili, akafa, akawaachia ugomvi.

Bi Nukta aliingia nyumba ile bibi harusi asiyejua kushika hata rula. Kufikia siku za ugomvi huu, akiweka nukta, unaisikia chumba cha pili. Ndiyo asili ya jina. Wifi jina hilo hakulitumia. "Huyo aliyekuja na sanduku," ndivyo alivyomwita, mwenyewe akiwa kasimama pale pale.

Ugomvi ulikuwa meza. Upande wa pili wa chumba kulikuwa na kona yenye giza kama ndani ya gunia, na fundi wa maandishi bila mwanga ni mpishi bila moto. Mama mkwe, mwenye nyumba, akachoka na makelele.

"Bwana Maigizo anataka bango la mchezo wake," akasema. "Kila mtu aandike lake. Litakalochukuliwa, mwenyewe akae mezani. Litakaloachwa, kona ile pale, na nisisikie mdomo."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mwanamume anayejitia kichaa ili mkwewe ahame. Mstari wa chini usomeke: WATU WAZIMA TU. Watoto wabaki kwao.

Mstari wa chini una ufundi wake. Huandikwa kwanza, karatasi ikiwa imepinduliwa, herufi nazo miguu juu. Ukiuacha mwisho, mkono unakosa pa kuegemea, unaning'inia ukingoni mwa meza kama nguo iliyoanikwa. Na A ya marehemu haikuwa na ncha. Ilikuwa upinde wa mviringo wenye mkanda kiunoni. Mikanda huwekwa baadaye, yote kwa pamoja. Ukimaliza, unaufunika mstari usidondokewe na wino, unageuza karatasi, unaendelea na ya juu.

Wifi alikuwa bado hajafunika, Bi Nukta akapita nyuma yake.

"Unachungulia nini? Unaiba?"

"Niibe nini hapo, wifi? Ukurutu?"

Lakini jicho lilikwisha kuona. A ya mwisho wifi aliiandika kama vile karatasi haikupinduliwa, na mkanda akausahau. Ukigeuza, inasomeka U. WATU WAZIMU TU.

Neno lilimfika Bi Nukta ulimini. Akalimeza.

"Endelea tu," akasema. "Linapendeza."

Wifi angekuwa na akili, angeshtuka hapo. Tangu lini?

Bwana Maigizo akaja asubuhi na kitambi chake na sauti ya tarumbeta. Akalitazama bango la Bi Nukta, mistari imenyooka kama askari. "Safi," akasema, kama mtu anayesifia maji ya kunywa. Wifi akafunua lake. Akaona. Uso ukamgeuka majivu.

"Soma na pale chini, baba," akasema Bi Nukta kwa sauti ya asali. "Usiache kitu."

Mtu yule akasoma, akasoma tena, akacheka mpaka akatafuta kigoda. "Watu wazimu tu! Nani kalifikiria hili?"

"Mimi," akasema wifi, maana mdomo wake siku zote uliutangulia mkono.

"Mwongo! Kakosea A! Nimeiona tangu jana!"

Mama mkwe akasogea kutoka mlangoni. "Uliiona?"

"Niliiona, mama."

"Ukamwambia?"

Bi Nukta akaanza kupanga kalamu zilizokuwa zimepangwa.

"Kosa au si kosa, nalitaka," akasema Bwana Maigizo. "Mji mzima uwekewe. Ila hii mistari imelewa. Maneno ya huyu, mkono wa yule."

"Lililochukuliwa ni la huyu," akasema mama mkwe. "Meza yake." Akaondoka.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na hiki kilikuwa na giza la kutosha. Bi Nukta akabeba chupa ya wino na kalamu zake mpaka konani. Wifi akakaa dirishani, hana kazi yoyote, anakata kucha.

"Wifi yangu, kumbuka ni U," akaimba. "Ikikushinda, niite nikuelekeze."

"Kucha zako zikuingie machoni."

Bi Nukta akapindua karatasi ya kwanza, akainamia mpaka pua ikakaribia wino. Akaandika herufi zote miguu juu. Ya mwisho ya neno la pili akachora upinde mzuri wa mviringo, A kamili ya marehemu, akaunyima mkanda.