Nafasi ya Anko Eliya

Juzi niliwasikia vijana wakiimba bila ala kwenye stesheni ya treni ya Rågsved, nikanusa sabuni ya kufulia ya utotoni.

Baba na wenzake watatu walifanyia mazoezi ya kuimba kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, kwa sababu kuta zake zilizirudisha sauti vizuri. Mchana ule baba aliponichukua mazoezini kwa mara ya kwanza, walikuwa watatu tu. Anko Eliya, sauti ya kwanza, walikuwa wamemzika, lakini mimi nilidhani amechelewa, maana walimwachia nafasi yake kati ya mashine mbili. Ubeti wa pili wa wimbo wao aliujua yeye peke yake. Walipoufikia, wale watatu wakavumisha tu, midomo imefumbwa.

Mimi niliusikia wote, neno kwa neno.

Baadaye, tukikunja mashuka, nikauimba. Baba aliachia ncha yake ya shuka.

“Nani kakufundisha?”

“Anko Eliya. Si alikuwa amesimama pale?”

Baba hakuingia tena chumba kile. Nguo zetu akawa anafua mama.

Siku hizi najua kwamba sauti zikioana sawasawa, masikio husikia sauti nyingine juu yake, isiyoimbwa na mtu. Najua pia kwamba sauti hiyo haina maneno.